Dawa ya 2030 iliyoisha 1930: kutibu tarehe kwenye programu za zamani

Karani alinipigia simu kabla sijavuka Jangwani. "Kaka, mashine imegoma. Inasema mzigo wote tuliopokea jana umeisha muda."

Duka ni la jumla, lipo Kariakoo, na programu yake ya stoo iliandikwa miaka ya tisini kwa Clipper, lugha ya programu ya enzi za DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta), na mtu ambaye leo hakuna anayejua alipo. Nilipofika niliyakagua maboksi yaliyokataliwa. Yote yalikuwa ya kuisha mwaka 2030. Karani alikuwa ameandika "30" kama alivyozoea, na programu ikaelewa 1930. Kwa hesabu yake, dawa zile zilioza tangu enzi za Mwingereza.

Ugonjwa huu nimekutana nao pia kwenye FoxPro, COBOL, QBasic, Turbo Pascal na C. Dalili hutofautiana, lakini kidonda mara nyingi kipo mahali pamoja: mlangoni. Tarehe ikishaingia ndani ikiwa kamili, hata lugha ya mwaka 1985 inaijumlisha na kuitoa vizuri. Inaharibika inapoingia kama maandishi kutoka kwenye kibodi, au inapotoka kama maandishi kwenda kwenye printa au faili. Kwa hiyo usikimbilie kuandika programu upya. Tafuta milango, weka mlinzi, halafu safisha uchafu ulioshapita.

Kabla ya yote: nakala na betri

Nakili folda nzima kwenye flashi mbili tofauti: faili za .PRG (msimbo) kama zipo, .DBF (data), .NTX (indeksi, yaani orodha za kupanga rekodi), .DBT (maelezo marefu) na .EXE, programu yenyewe. Usifanye kazi kwenye mashine ya dukani wakati wateja wamesimama kaunta. Nilishawahi kufanya hivyo na sitasimulia kilichotokea.

Kisha angalia saa ya kompyuta. Kama kila umeme ukikatika mashine inaamka na kudai leo ni mwaka 1980, programu haina kosa. DOS inahesabu miaka kuanzia 1980, na betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ya mashine imekufa. Ukiona hasa tarehe 4 Januari 1980, hiyo ni dalili ya zamani ya BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine) iliyoshindwa kuvuka mwaka 2000: inatoa 1900, DOS haiujui mwaka huo, na unapata siku hiyo ya ajabu. Betri unaipata Kariakoo kwenye meza yoyote ya vifaa vya simu. Mimi nilipoteza siku mbili nikichambua msimbo uliokuwa mzima kabisa, kwa sababu tu sikufungua kasha la mashine.

Jua tarehe imelazwaje

Fungua faili la data kwa kihariri cha maandishi au cha heksi, nakala yake lakini, na uangalie kwa macho yako.

Faili la DBF huhifadhi tarehe kwa herufi nane: mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo ukisoma 19300630 ndani ya faili, kosa lilitokea wakati wa kuingiza. Ukisoma 20300630 wakati skrini inaonyesha 30/06/30, data ni salama na unachokiona ni namna ya kuonyesha tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafanya kazi ya dakika tano au ya wikendi nzima, kwa hiyo usiikisie.

Faili nyingi za COBOL za zamani zina tarakimu sita tu, na hapo karne haijapotea, bali haikuwahi kuwepo. C kwa kawaida huweka idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970. Turbo Pascal ni vile mwandishi alivyoamka siku hiyo: wengine waliweka maandishi, wengine idadi ya siku ndani ya Integer, ambayo ukomo wake ni 32767. Ukianza kuhesabu siku kutoka 1 Januari 1900, Integer inajaa tarehe 18 Septemba 1989, na kesho yake inageuka hasi. Dawa yake ni kutumia LongInt, inayobeba namba kubwa zaidi, na hakuna la zaidi.

Tafuta milango

Kama msimbo upo, tafuta maneno haya kwenye faili zote. Kwa Clipper na FoxPro: CTOD, DTOC, SET DATE, SET EPOCH, SET CENTURY, na kila GET (sehemu ya kuandika kwenye skrini) inayogusa tarehe. Kwa BASIC: DATE$ na TIMER. Kwa COBOL: FROM DATE na FROM DAY. Kwa C: tm_year, tm_mon, na maandishi "19%d". Kwa Pascal: GetDate.

Andika orodha kwenye karatasi. Programu ya stoo ile ilikuwa na milango kumi na mmoja, na mitatu kati yake ilikuwa ndani ya ripoti ambazo hakuna aliyezichapisha kwa miaka.

Ukikuta INDEX ON DTOC(...), piga mstari mwekundu. DTOC inatoa tarehe kama mtu anavyoisoma, siku ikiwa mbele, kwa hiyo indeksi inapanga tarehe 1 za miezi yote pamoja, kisha tarehe 2 za miezi yote. Weka DTOS, inayotoa mwaka kwanza. Karani wa pale alikuwa ameshazoea kuitafuta ankara ya mwisho katikati ya orodha, akidhani ndivyo kompyuta zilivyo.

Kanuni ya kikomo

Clipper 5 ina amri ya SET EPOCH, inayosema epoki, yaani mwaka ambao dirisha la miaka mia linaanzia. Usipoiandika, inachukua 1900, na kila mwaka wa tarakimu mbili unakuwa wa karne iliyopita. Ukiandika SET EPOCH TO 1930, tarakimu 30 hadi 99 zinakuwa 1930 hadi 1999, na 00 hadi 29 zinakuwa 2000 hadi 2029. Ndivyo fundi mmoja alivyofanya pale dukani kuelekea mwaka 2000. Aliwanunulia miaka thelathini, akaondoka, na ilipokaribia kwisha hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na mkataba. Visual FoxPro nayo ina kitu cha aina hiyo, SET CENTURY TO 19 ROLLOVER 50, kwa mfano.

Unaweza kusogeza tu epoki hadi 1980 ukaenda nyumbani. Wengi hufanya hivyo. Shida ni kwamba epoki moja inatawala programu nzima, wakati tarehe hazifanani tabia. Tarehe ya kuzaliwa haiwezi kuwa kesho. Tarehe ya kuisha dawa mara nyingi ipo mbele. Ukiweka 1980, mfanyakazi aliyezaliwa mwaka 61 anakuwa hajazaliwa mpaka 2061, na programu ya mishahara inamlipa mtu ambaye bado hayupo duniani.

Kwa hiyo kila safu ya tarehe ipewe kikomo chake: mwaka wa mbali kabisa unaokubalika. Kisha mwaka kamili ni ule mkubwa kuliko yote usiozidi kikomo na unaoishia na tarakimu mbili zilizoandikwa. Hesabu yake ni mstari mmoja:

    mwaka = kikomo - ((kikomo - yy) mod 100)

Jaribu kwa kalamu. Tuseme kikomo cha kuisha dawa ni 2036 na karani kaandika 30. 2036 toa 30 ni 2006. Baki yake kwa mia ni 6. 2036 toa 6 ni 2030. Kwa kuzaliwa, kikomo ni mwaka huu. Tuseme 2026, na mtu kaandika 61. 2026 toa 61 ni 1965. Baki ni 65. 2026 toa 65 ni 1961. Kwa kuwa kikomo unakipata kutoka mwaka wa leo, dirisha linasogea lenyewe kila Januari, na hakuna mjukuu wa karani atakayepiga simu asubuhi.

Inapokwama ni kwa wazee. Bibi aliyezaliwa 1925 akiandikwa "25", kanuni itampeleka 2025 na kumfanya mtoto mchanga. Pale penye pensheni, matibabu au mirathi, lazimisha tarakimu nne na usikubali ubishi wa mtu kwamba vidole vinachoka.

Kuiweka kwenye kila lugha

Kwa Clipper, mimi siku hizi nachukua faili za .PRG na kuzikompaili kwa Harbour, ambayo ni ya bure, inaelewa Clipper karibu yote na inatoa programu inayokimbia moja kwa moja kwenye Windows ya biti 64, ambayo haikubali tena programu za biti 16. Mlinzi wa mlangoni ni huyu:

    FUNCTION KarneSahihi( dTar, nMbele )
       LOCAL nKikomo := YEAR( DATE() ) + nMbele
       LOCAL nYY
       IF EMPTY( dTar )
          RETURN dTar
       ENDIF
       nYY := YEAR( dTar ) % 100
       RETURN STOD( STR( nKikomo - ( ( nKikomo - nYY ) % 100 ), 4 ) + ;
                    SUBSTR( DTOS( dTar ), 5 ) )

Unamwita baada ya READ, amri inayosoma alichoandika karani: nMbele ni miaka ya mbele inayokubalika, kwa kuisha dawa unampa 10, kwa kuzaliwa unampa 0. Juu kabisa ya programu andika SET DATE BRITISH, kwa sababu bila hiyo Clipper inasoma mwezi kwanza kwa mtindo wa Marekani. Weka pia SET CENTURY ON kama skrini ina nafasi. Hapo ndipo kazi inapochosha: kila GET ya tarehe inakua kwa herufi mbili, na masanduku yaliyochorwa kwa mistari ya DOS yanaingiliana. Ukiweka SET CENTURY ON na mtu akaandika tarakimu zote nne, basi mlinzi hahitajiki kwenye mlango huo. Usimwite, maana ataigusa karne ambayo mtu ameiandika kwa makusudi.

QBasic na GW-BASIC hutoa DATE$ kwa mpangilio wa mwezi, siku, mwaka, hata kama Dar es Salaam nzima inaandika siku kwanza. Igeuze mara moja, mahali pamoja:

    LEO$ = MID$(DATE$,4,2) + "/" + LEFT$(DATE$,2) + "/" + RIGHT$(DATE$,4)

Halafu kuna usiku wa manane. TIMER inarudi sifuri saa 6 kamili usiku, kwa hiyo kipimo cha muda kilichoanza saa 5:59 kinatoa jibu hasi. Ukipata hasi, jumlisha 86400. Na ukisoma DATE$ kisha TIME$, sekunde inaweza kuvuka katikati yake ukapata tarehe ya jana na saa ya leo. Soma tarehe, soma saa, soma tarehe tena, zikitofautiana, rudia. Duka la dawa linalofanya kazi usiku litakuonyesha kosa hili ndani ya mwezi mmoja.

Kwenye saa, tahadhari nyingine ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha BASIC. Hati ya mzigo ikisema "saa 2:30", dereva anamaanisha 08:30. Kama programu inaomba saa, ioneshe mfano pembeni au iulize asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha ijumlishe yenyewe sita kwa saa za mchana na kumi na nane kwa za usiku (jibu likifika 24 au kuzidi, itoe 24). Mtego ni saa 12: ya asubuhi ni 06:00, ya jioni ni 18:00, na kujumlisha sita kibubusa kutakupa jibu moja kwa zote mbili.

COBOL: ACCEPT ... FROM DATE bila neno la ziada hutoa tarakimu sita. Kwenye GnuCOBOL na kompaila nyingine za karibuni andika hivi:

    ACCEPT WS-LEO FROM DATE YYYYMMDD
    COMPUTE WS-MWAKA = WS-KIKOMO
          - FUNCTION MOD(WS-KIKOMO - WS-YY, 100)

Kosa jingine ninalolikuta sana kwenye COBOL ni kutoa tarehe kama namba za kawaida. 20260201 toa 20260131 ni 70, wakati ni siku moja tu. Mteja aliyechelewa siku moja anatozwa riba ya siku sabini, na atakuja dukani akiwa na shemeji zake. Pitisha kila tarehe kwenye FUNCTION INTEGER-OF-DATE kwanza, ambayo inahesabu siku kuanzia 1 Januari 1601, ndipo utoe.

C: tm_year ni miaka tangu 1900, si tarakimu mbili za mwisho. Waliobandika "19" mbele yake walipata 19100 mwaka 2000, na 19126 mwaka 2026. Jumlisha 1900, usibandike. Miezi nayo inaanza na sifuri, kwa hiyo ukiona ankara ya Aprili inasoma Machi, umeshajua.

Kusafisha kilichoshaingia

Mlinzi hatibu rekodi zilizopita. Kwa DBF:

    USE DAWA EXCLUSIVE
    REPLACE ALL KUISHA WITH ;
       STOD( STR( YEAR(KUISHA) + 100, 4 ) + SUBSTR( DTOS(KUISHA), 5 ) ) ;
       FOR !EMPTY(KUISHA) .AND. YEAR(KUISHA) < 1980
    INDEX ON DTOS(KUISHA) TO DAWA1

Fungua faili bila indeksi, kama ilivyo hapo. Ukiifungua ikiwa imepangwa kwa KUISHA na hapo hapo unabadilisha KUISHA, rekodi inaruka kwenda nafasi mpya katikati ya kazi, na REPLACE ALL inaacha baadhi bila kukwambia. Hili limewahi kunidanganya kwamba nimemaliza. Hesabu rekodi mbovu kabla kwa COUNT, uhesabu tena baadaye, jibu liwe sifuri. Indeksi nyingine zote zinazotumia safu hiyo zijengwe upya.

Kama msimbo haupo

Na mara nyingi haupo. Hapo huwezi kumweka mlinzi mlangoni, lakini unaweza kumtuma mfagizi kila usiku. Programu ndogo ya Harbour yenye mistari ile ya juu, ikiendeshwa baada ya duka kufungwa, inarekebisha kila tarehe ya 1930 iliyoingia mchana. Kwa kuwa DBF inahifadhi tarakimu nane, .EXE ya zamani asubuhi itasoma 2030 na kulinganisha vizuri, hata kama skrini yake bado inaonyesha 30 tu. Mfagizi lazima ajenge upya kila faili la indeksi kwa jina lile lile na kwa ufunguo ule ule ulioandikwa mwanzoni mwa faili la .NTX, hata kama ni ule wa DTOC unaokukera, maana .EXE haijui mwingine. Mwambie karani pia kwamba mzigo wa 2030 utakubalika kesho, sio leo. Si tiba nzuri, ila nimeona ikiwavusha watu mwaka mzima.

Mnapopeleka data Excel, usitumie tarehe za tarakimu mbili. Kwa mpangilio wake wa miaka mingi, Excel imekuwa ikisoma 00 hadi 29 kama miaka ya 2000 na 30 hadi 99 kama ya 1900, yaani shimo lile lile mnalotoka. Toa maandishi ya 2030-06-30, ambayo unayajenga kirahisi kutoka DTOS. Na ukikuta tarehe za kabla ya Machi 1900, jua Excel inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900. Haikuwepo, walirithi kosa hilo kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya kabla yake, ili mafaili yaendane.

Jaribu kwa sikukuu zetu

Weka FreeDOS (DOS ya bure) au Windows kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, badilisha tarehe kwa amri ya DATE, na uingize siku ambazo huwezi kuzisahau.

Saba Saba na Nane Nane usizitumie. 07/07 na 08/08 ukizigeuza mbele nyuma ni zile zile, hazitafichua kitu. Zinazofaa ni za aina mbili. Muungano, 26/04, na siku ya Nyerere, 14/10, zinapiga kelele: hakuna mwezi wa 26 wala wa 14, na Clipper iliyosahau SET DATE BRITISH itarudisha tarehe tupu. Hatari ni zile zinazopita kimya. Mapinduzi, 12/01, inageuka 1 Desemba. Mei Mosi inageuka 5 Januari. Uhuru, 09/12, inageuka 12 Septemba, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Kisha jaribu karne. Ingiza 09/12/61 kwenye safu ya kuzaliwa: lazima itoke 1961. Ingiza 30/06/30 na 30/06/31 kwenye kuisha dawa. Kwa mwaka mrefu, 29/02/2000 ikubalike, 29/02/2028 ikubalike, 29/02/2100 ikataliwe. Waandishi wengi wa zamani walijua nusu ya sheria: wengine wanagawanya kwa nne na basi, wengine wanakataa kila mwaka unaogawanyika kwa mia, wakasahau kwamba unaogawanyika kwa mia nne unarudi kuwa mrefu. Vusha saa kutoka 31/12 kwenda 01/01, na kama mteja anafuata mwaka wa fedha wa serikali, kutoka 30/06 kwenda 01/07.

Kwa programu za C zenye hesabu ya sekunde ya biti 32, weka saa asubuhi ya 19 Januari 2038. Hapa kwetu itajaa saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde chache baadaye programu itakuwa Desemba 1901. Kama msimbo upo, kompaili upya kwa time_t (aina ya namba inayobeba sekunde hizo) ya biti 64, na angalia kama sekunde hizo zimeandikwa kwenye faili kwa baiti nne, maana hapo faili lenyewe lazima libadilishwe umbo.

Peleka programu mpya dukani Jumapili, acha ya zamani kwenye folda yake ikiwa na jina lingine, na kaa na karani Jumatatu mpaka mzigo wa kwanza upokelewe. Kama mwishowe uliamua kusogeza SET EPOCH tu bila kuweka kikomo kinachosogea, andika kwa kalamu isiyofutika kwenye ubavu wa mashine mwaka ambao dirisha hilo litafunga. Mimi niliandika kwenye plasta, na mama wa usafi akaibandua.